Kuagwa kwa Dakta Eustela Kayombo

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa bila kuombwa kwa maandishi, na maombi yangu bado yanashughulikiwa. Ni nchi nzuri. Watu wake ni wakarimu, mvua yake hunyesha inapojisikia, na serikali yake haijawahi kukosea tangu iundwe, jambo ambalo serikali yenyewe hulithibitisha kila mwaka uwanjani.

Zamani kidogo msomi mmoja wa nchi hiyo alipata nafasi ya kwenda chuo cha ng'ambo kwa mwaka mmoja, kubadilishana ujuzi na wenzake wa huko. Akaenda, na mpaka leo hajarudi. Serikali iliumia sana. Ikaundwa tume ya kuchunguza kwa nini mtu mwenye akili timamu aikimbie nchi nzuri namna ile. Wajumbe walizunguka mikoa yote wakipokewa kwa ngoma, kisha wakapanda ndege kwenda kumwona mwenyewe. Msomi aliwaeleza habari za maabara zisizo na maji, vitabu vilivyoliwa na mchwa, na mkuu wa idara aliyekuwa akifuga kuku ofisini. Tume ilimsikiliza kwa makini, ikarudi, ikaandika kwamba sababu ya msomi huyo kutorudi ni kwamba hakuagwa. Na kweli, aliondoka alfajiri, kimya kimya, bila keki wala hotuba.

Basi ikatungwa Sheria ya Kuaga. Kuanzia siku hiyo msomi au ofisa yeyote wa chuo anayetaka kuomba nafasi ya nje sharti aagwe kwanza, kwa hafla kamili, mbele ya mgeni rasmi, kabla hajatuma hata ukurasa mmoja wa maombi. Wizara nayo ikabadilishwa jina, ikawa Wizara ya Elimu ya Juu, Kuaga na Kupokea. Mimi si mwanasheria, lakini nimeambiwa nchi jirani zinatuma watu kwenda kujifunza.

*

Katika nchi hiyo aliishi Dakta Eustela Kayombo, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini na kichwa kigumu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu, na haifi jikoni hata ugali usongwe namna gani. Aliyeila kwa wingi macho humgeuka manjano, tumbo humjaa, na baada ya hapo watu hubaki kuombeana.

Hakuichagua kazi hiyo kwa kupenda ukungu. Kijijini kwao Lukwale, mdogo wake Fidea alimzika kifungua mimba wake akiwa na macho ya manjano, na nyumba nyingine kadhaa zilizika pia msimu ule ule. Baada ya msiba Eustela alikwenda mlango kwa mlango akiwasihi watu wampe mahindi yale, wasiyale. Ni jambo gumu kumwomba mtu akupe chakula chake chote cha mwaka kwa sababu ya kitu asichokiona. Walimpa kwa ajili ya Fidea, aliyekuwa akitembea naye, mgongoni amembeba Imelda, mtoto wake wa pili, akisema kila mahali, "Mpeni dada yangu, anajua anachofanya."

Eustela aliwaahidi kitu. Ng'ambo kulikuwa na chuo ambacho wataalamu wake walijua kukuza ukungu mwema, usio na sumu, ambao ukimwagwa shambani huufukuza ule mbaya. Chuo hicho kilikuwa kikitangaza nafasi ya mwaka mmoja kwa msomi wa nchi zetu hizi: aje na sampuli za kwao, ajifunze, arudi na dawa ya shamba la kwao. Aliwaambia watu wa Lukwale kwamba atakwenda, na akirudi atawaletea mahindi watakayoyala bila kuogopa. Fidea alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake gizani.

Magunia ya mahindi aliyafungia kwenye stoo ya maabara. Alitaka kuyaandika SUMU kwa herufi kubwa, lakini uongozi wa chuo ulimkumbusha kwamba neno hilo haliruhusiwi kwenye majengo ya umma, kwani linaweza kumshtua mgeni rasmi. Akashauriwa aandike jina lake tu, maana pale chuoni kitu kisicho na jina hupata mwenyewe haraka sana. Akaandika E. KAYOMBO kwa wino mweusi kwenye kila gunia, akafunga mlango, akautia ufunguo kwenye pochi.

*

Mwenyekiti wa Kamati ya Kuaga alikuwa Profesa Chrisantus Likumbo. Zamani alifundisha fizikia. Siku moja alisoma risala kwenye msiba wa mhasibu wa chuo, watu wakalia mpaka wengine wakashikiliwa, naye akagundua kipaji chake. Tangu hapo hakugusa fizikia tena.

Eustela alimweleza kwamba angependa aagwe baadaye, akishapata nafasi. Je, wenyeji wa ng'ambo wakimkataa? Profesa Likumbo alimtazama kwa huruma, akamweleza kwamba kuomba kabla ya kuagwa ni kuonyesha haraka, na haraka ndiyo iliyompoteza yule msomi wa kwanza. Isitoshe, alisema, hajawahi kusikia mtu aliyeumizwa na keki.

Hafla ilifana. Kulikuwa na meza kuu yenye maua ya plastiki, kwaya ya wafanyakazi, na mshereheshaji aliyevaa suti inayometameta. Waziri mwenyewe ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa muda mrefu, akimtaja kila aliyekaa meza kuu na cheo chake. Alipomaliza akamgeukia Eustela.

"Dakta Kayombo alikuwa mtu wa watu," Waziri alisema. "Alikuwa mchapakazi, alikuwa mcheshi, alikuwa hana makuu. Nani atavaa viatu vyake? Ameacha pengo ambalo serikali yenu itachukua muda mrefu kulijaza."

Watu walilia. Eustela, aliyekuwa ameketi hatua chache tu kutoka kwa msemaji, alijikuta naye analia, na hakujua analilia nini. Kisha akalishwa keki, akapewa sanduku la safari lenye utepe, koti zito la baridi na picha yake mwenyewe kwenye fremu. Mwisho akatakiwa kukabidhi funguo jukwaani. Profesa Likumbo alimnong'oneza kwamba ni ishara tu, kesho atarudishiwa. Akakabidhi wa ofisi na wa stoo, wakapigwa picha.

Jioni hiyo redio ya taifa ilitangaza kwamba Dakta Kayombo ameondoka nchini. Fidea akatuma ujumbe: "Nenda salama dada. Tunakusubiri." Eustela alitaka kumweleza kwamba bado yuko, hata maombi hajatuma. Akaona aibu. Akafikiri kwamba si muda mrefu habari hiyo itakuwa kweli, basi kuna haja gani ya kumchanganya mtu? Akaandika, "Asante, mdogo wangu."

Kesho yake alikuta ofisini kwake kuna mtu. Alikuwa Naibu Mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea, kijana mstaarabu, aliyekuwa tayari ameshatundika picha ya mkewe ukutani. Vipindi vya Eustela vilikwishagawiwa wengine, na jina lake limefutwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Akaomba meza pembeni ya maktaba, akaandika maombi yake huko, akayatuma, akasubiri.

*

Hapa lazima niseme jambo ambalo nchi ile haikulitegemea. Alipata.

Wenyeji wa ng'ambo waliandika kwa furaha kwamba wamewasoma waombaji wengi, lakini huyu wa sumukuvu ndiye wanayemtaka, na sampuli zake ndizo hasa walizokuwa wakizitafuta. Nauli ipo, chumba kipo, maabara ipo. Walihitaji kitu kimoja kidogo: barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ni mfanyakazi wake na kwamba amempa ruhusa.

Eustela alikwenda Idara ya Ruhusa akiwa anatabasamu peke yake njiani. Pale alikuwapo Bwana Shemtoi, mtu mwema, mwenye koti la kijivu na birika la chai ambalo halikuwahi kupoa. Alimvutia kiti, akamimina chai, akasoma barua ile mpaka mwisho, akampongeza kwa moyo wote. Kisha akafungua kitabu chake, akashika tama.

"Dakta, mimi na wewe tumekunywa chai hapa miaka yote hii," alisema. "Lakini ruhusa ya kuondoka anapewa mtu aliyepo. Wewe umeshaondoka."

"Niko mbele yako, Bwana Shemtoi."

"Nakuona, wala sibishi. Ila nikikuandikia ruhusa leo, nitakuwa nasema kwamba siku ile Mheshimiwa Waziri alimuaga mtu ambaye hakwenda popote. Mimi nina watoto, Dakta."

Alimpa ushauri, kwa nia njema kabisa. Apokewe kwanza. Akishapokewa atakuwa yupo, na akiwa yupo anaweza kuomba ruhusa ya kutokuwepo. Eustela akafunga safari hadi kwa Naibu Mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea, yaani kwenye ofisi yake mwenyewe, akabisha hodi, akakaribishwa kwenye kiti cha wageni. Kijana yule alisema atafurahi sana kumpokea, mradi tu amwonyeshe mhuri wa kuingia nchini kwenye pasipoti. Mhuri huo, Eustela alisema, huupata mtu aliyetoka. Kijana alikubaliana naye kabisa, akasema ndiyo uzuri wa utaratibu.

Akapigwa danadana hivyo, leo huku kesho kule, huku muda wa wenyeji wa ng'ambo ukiyoyoma. Mwisho alimwendea Profesa Likumbo, akamwomba kwa unyenyekevu ambao haukuwa kawaida yake. Akamweleza habari za Lukwale, za mtoto wa Fidea, za kaburi dogo nyuma ya nyumba. Profesa alifuta machozi, kwani alikuwa mwepesi wa machozi, akaahidi kuwaandikia wenyeji yeye mwenyewe siku ile ile.

Na akaandika. Nia yake ilikuwa kuwatoa wasiwasi. Aliwahakikishia kwamba Dakta Kayombo alikwisha kuondoka nchini kwa heshima zote, akaambatisha picha za hafla, mojawapo ikimwonyesha Dakta akilishwa keki. Wenyeji wakajibu kwa mshangao kwamba hawajamwona. Profesa akajibu kwamba kwa upande wetu aliondoka vizuri sana, kama amepotea basi amepotea kwa upande wao. Wakamtafuta viwanja vya ndege, wakamtafuta hospitalini, wakatoa tangazo. Eustela naye aliwaandikia akiwaambia kwamba yupo, yuko nyumbani, mzima. Wao, baada ya kulinganisha barua yake na barua yenye mhuri wa serikali, wakaamini yenye mhuri. Wakaandika kwa masikitiko kwamba nafasi amepewa mtu mwingine, wa nchi nyingine, na kwamba hawatapokea tena wasomi kutoka nchi ile mpaka ijulikane huyu alipatwa na nini.

Serikali ikaunda tume.

*

Fikiria kukaa katika nchi ambayo kila mtu anajua kwamba hupo. Eustela aliyajua maisha hayo. Mlinzi wa geti la chuo, aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi kwa miaka mingi, sasa alimpa beji ya mgeni na kumwambia karibu nchini. Walimu wenzake walipokutana naye kwenye korido walimuuliza kama baridi ya huko ni kali. Mama wa kantini alimwagiza viatu. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, naye akionekana mtu wa ajabu, anayekataa bahati yake. Siku zilivyokwenda akachoka. Akaanza kujibu kwamba baridi ni kali, ila wanazoea.

Kwa Fidea hakwenda. Angemwambia nini? Kila mara ujumbe ulipoingia, "Mzima dada? Masomo?", moyo ulimuuma, naye akajibu kwamba yeye mzima, anasoma. Mvua ya mwaka ule ilikuja nusu. Lukwale, ambako watu walikuwa wametoa akiba yao yote kwa ahadi yake, kukawa na njaa. Fidea hakulalamika. Aliandika tu kwamba Imelda ameanza kutembea, na kwamba wanasubiri.

Eustela alikuwa amebakiwa na tumaini moja. Magunia yalikuwepo. Kama angerudishwa kazini na kupata sampuli zake, angeweza kuomba chuo kingine, nchi nyingine, hata kwa kuanza moja. Akaenda kumuuliza Profesa Likumbo kuhusu ufunguo wa stoo. Profesa alisema stoo imesafishwa, sasa ni chumba cha kuhifadhia maua ya meza kuu, lakini asiwe na wasiwasi, magunia yake yako salama mikononi mwa serikali. Watayazungumza akishapokewa. Na habari njema ni kwamba Waziri mwenyewe, baada ya kuona mwaka umekwisha na tume haijamwona Dakta, ameagiza apokewe bila mhuri, ili nchi isiaibike.

Ilibidi tu aingie kiwanja cha ndege kwa mlango wa jikoni na kutokea mlango wa abiria wanaowasili. Eustela hakutaka. Alikaa kitandani na lile sanduku lenye utepe miguuni, akijiona amekuwa kichekesho, akalia. Kisha akapiga moyo konde, akavaa koti la baridi katika lile joto, akaenda.

*

Alivishwa shada. Kwaya ikaimba wimbo ule ule wa siku ya kumuaga, maneno yamegeuzwa kidogo. Msafara wa magari ukampeleka ukumbini, na redio ikatangaza moja kwa moja kwamba Dakta Kayombo ametua. Waziri akasimama, akasema itifaki imezingatiwa, akaizingatia.

"Leo mnaona matunda," alisema alipoifikia hotuba yenyewe. "Tulimuaga vizuri, amerudi. Na wakati Dakta wetu yuko ng'ambo akitafuta, sisi huku hatukulala. Tulisikia Lukwale, nyumbani kwao Dakta, kuna njaa. Tukafungua stoo ya chuo hiki, tukakuta nini? Mahindi. Magunia kwa magunia, yamekaa tu, mwananchi ana njaa. Niliagiza siku ile ile yapelekwe Lukwale. Na nilisema jina la Dakta lisifutwe kwenye magunia, ili watu wajue mtoto wao anawakumbuka."

Ukumbi ulipiga makofi na vigelegele. Eustela alisimama. Profesa Likumbo alimshika mkono, akamnong'oneza kwamba Mheshimiwa hajamaliza, na kwamba neno la shukrani la Dakta lipo kwenye ratiba, baada ya chakula. Eustela akauvuta mkono wake, akafika kwenye kipaza sauti, na sauti yake ya chini safari hii haikuwa ya chini.

"Mahindi yale yana sumu," alisema. "Wapigieni simu Lukwale wasiyale."

Fundi wa mitambo alikuwa mtu mwenye uzoefu. Neno lisiloruhusiwa lilipotoka tu alikata kipaza sauti na kufungulia muziki, watu wakainuka kucheza. Waziri alimuuliza Profesa Likumbo Dakta amesema nini, maana hakusikia vizuri. Profesa akamwambia anashukuru, amezidiwa na hisia. Waziri akatikisa kichwa kwa kuguswa, akaanza kumpigia makofi, na meza kuu yote ikafuata.

Eustela alitokea mlango wa nyuma, akasimama kati ya masufuria na wapishi waliokuwa wakipakua pilau. Akabonyeza namba mara mbili ndipo akaipata. Fidea alipokea, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Eustela hakuwa ameisikia tangu msiba.

"Dada, tumesikia redioni umeshuka leo. Pole na safari."

"Fidea, yale mahindi. Yalifika?"

"Yalifika, dada. Nilingoja urudi nikushukuru ana kwa ana. Mwanzoni watu walisita, unajua walivyoogopa tangu kile kipindi. Hata mwenyekiti wa kijiji alisema tungoje kwanza. Nikawaonyesha jina lako kwenye gunia. Nikawaambia dada aliahidi mahindi ya kula bila kuogopa, basi haya ndiyo ametutangulizia. Wakapanga foleni."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa, mshereheshaji akachungulia na suti yake inayometameta, akamwashiria Dakta kwa mkono kwamba keki iko tayari.

"Mmeyala?" Eustela aliuliza.

"Tangu mwezi uliopita, nyumba zote. Imelda ndiye aliyeyapenda kuliko wote, asubuhi uji, jioni ugali. Ila tangu juzi hachezi, dada, na macho yake nayaona kama yana umanjano. Kina mama wa hapa walianza kulia. Nikawaambia wasilie, dada yangu amerudi, atajua la kufanya."